Ukoko Mweupe wa Bafuni: Anza na Siki

Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni, karibu na jiji la Tanga, ameyaona mawe yanayoning'inia kutoka juu kama mishumaa iliyopinduliwa. Hayakuchongwa na mtu. Maji yalipita kwenye mwamba wa chokaa, yakabeba chokaa kidogo, yakadondoka tone baada ya tone na kuiacha pale. Kazi hiyohiyo inaendelea bafuni kwako. Ukoko mweupe unaoziba matundu ya shawa na kuzunguka shingo ya koki ni chokaa iliyoachwa na maji yalipokauka au yalipopashwa moto.

Sehemu kubwa ya pwani yetu, Unguja na Mombasa zikiwemo, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, nayo ni chokaa tupu. Kisima kinachochimbwa humo hutoa maji magumu. Wengi huyaita maji ya chumvi, na jina hilo linatupotosha. Chumvi ukiimwagia maji inayeyuka na kwenda zake. Chokaa iliyoganda haisikii maji wala sabuni, ndiyo maana mtu anasugua kwa stili waya mpaka mkono unamuuma, anachubua mng'aro wa koki yake, na baada ya wiki ukoko umerudi. Sehemu iliyokwaruzwa huushika ukoko mpya upesi zaidi kuliko ilipokuwa laini.

Kama huna uhakika na maji yako, chukua chupa mbili safi. Moja tia maji ya bomba, nyingine maji ya mvua, kila moja nusu. Kwangulia humo sabuni ya mche kiasi kilekile, kisha tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya bomba, yakiwa magumu, yatageuka rangi ya maziwa na kuelea utando mzito. Utando huo ndio unaokwama kwenye vigae na kwenye ndoo.

Chokaa inaondolewa na kitu kichachu. Siki nyeupe ya dukani inatosha kwa kazi nyingi za nyumbani, na nusu ya ndimu iliyokwisha kukamuliwa inafaa kwa koki yenye ukoko mwepesi. Ukiona vipovu vidogo, jua chokaa inayeyuka na kutoa hewa.

Tuanze na shawa, kwa sababu ndiyo inayotupwa bure kuliko vyote. Maji yanapotoka kwa upande, au matundu matatu tu ndiyo yanayofanya kazi, watu wengi hununua nyingine. Fungua kichwa cha shawa kwa mkono; kikigoma, kizungushie kitambaa ndipo utumie spana, usiache meno ya chuma yagusane na kroma. Kilaze kwenye beseni lenye siki na maji ya uvuguvugu, nusu kwa nusu. Cha plastiki kinaweza kulala humo usiku kucha. Cha kroma kitoe baada ya nusu saa, kisuuze, na kama bado kuna ukoko ukirudishe tena. Kisha pitisha kijiti cha meno tundu moja moja, piga mswaki wa zamani, na fungulia maji dakika moja kabla ya kukirudisha ili taka zilizobaki ndani ya bomba zitoke. Kama hakifunguki kabisa, kifunge tambara lililolowa siki. Angalia tu siki isidondokee sakafu ya tarazo au marumaru halisi: zina chokaa ndani yake, na siki itazila kama inavyoula ukoko.

Koki inayodondosha ni suala jingine. Tone moja kila sekunde hukaribia kujaza ndoo ya lita 20 kwa siku. Weka ndoo upime mwenyewe. Koki ya kuzungusha mara nyingi imechoka wosha yake ya mpira. Funga koki kuu, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isipotelee humo, fungua kichwa, utaikuta wosha chini kabisa. Nenda na ya zamani dukani ulinganishe kwa macho. Kabla ya kuweka mpya, futa kwa siki mahali inapokalia, maana chembe moja ya chokaa itaikata nayo ndani ya miezi michache. Usikaze kwa hasira.

Kwa choo, tia rangi ya chakula kwenye tangi lake na usikiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini unavuja. Usafishe, au ubadilishe.

Shawa ya umeme haifunguliwi kabla ya kuzima swichi yake na ile kuu ya nyumba. Futa uso wake wenye matundu. Ya ndani mwachie fundi umeme, naye akague waya wa ardhi. Kama maji yako yana chumvi ya kweli, ile inayoonjwa ulimini, ulizia shawa iliyotengenezwa kwa maji hayo, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

La mwisho naliomba kwa kila mwenye nyumba. Siku unayotumia siki, ndimu au dawa kali ya choo, Jiki isiingie bafuni. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kidogo tu. Ukisikia harufu kali ya kukaba, acha kila kitu, toka nje, mlango uache wazi, na usimruhusu mtoto kuingia mpaka harufu iishe kabisa.