NANI ALAUMIWE BAJETI IKIKWAMA?

Somo langu mwaka huu ni la uraia. Mfano wake hautoki mbali, ni hapa hapa kwetu Makueni.

Kwanza tuelewe njia ya pesa za kaunti. Serikali ya gavana hutayarisha makadirio ya matumizi na kuyapeleka katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Wawakilishi wa wadi huyachunguza na kuyapitisha, kisha gavana hutia sahihi sheria ya kutoa pesa. Ni kama mlango wenye kufuli mbili, na kila upande una ufunguo wake. Upande mmoja ukikataa, sote twaweza kukwama nje.

Sasa twende Wote. Katika uchaguzi wa 2013, Profesa Kivutha Kibwana alichaguliwa gavana kwa tiketi ya chama cha Muungano, lakini wawakilishi wengi walikuwa wa Wiper. Pande hizi mbili zikavutana juu ya bajeti. Mnamo Septemba 2014 risasi zililia katika makao ya kaunti, watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia sahihi ombi la kuivunja serikali ya kaunti. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikapendekeza isimamishwe, lakini mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa.

Je, nani alaumiwe? Ukiuliza sokoni Mukuyuni, mmoja atakwambia ni gavana, mwingine ati ni wawakilishi. Mimi nasema kukataa nako ni kutenda. Mwakilishi akikataa makadirio kwa sababu yana ubadhirifu, hiyo ni kazi yake, na atuonyeshe ubadhirifu wenyewe. Gavana naye akikataa kutia sahihi, atupe sababu zake. Lakini anayekataa ili mpinzani wake aaibike, huyo anabeba lawama hata kama sheria inamruhusu. Dawa za zahanati, shule za chekechea na barabara za mashambani tunazopita sisi wanafunzi wa kutwa, zote hutegemea pesa hizo hizo. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi.

Tena angalieni Kifungu cha 192 cha Katiba. Kaunti ikisimamishwa, gavana na bunge huenda nyumbani pamoja, na uchaguzi hufuata. Kwa hiyo mwamuzi wa mwisho ni mpiga kura. Mwaka 2017 wananchi wa Makueni walimrudisha Kibwana, safari hii kwa tiketi ya Wiper. Kumbe chama si ukuta!

Wenzangu, miaka miwili hivi ijayo wengi wetu tutapata vitambulisho. Tusiulize tu mtu ni wa chama gani. Tumwulize: ukipewa ufunguo, utafungua lini, na utakataa kwa sababu gani?

Maswali ya kujipima
1. Taja kufuli mbili za bajeti ya kaunti.
2. Kukataa bajeti ni haki wakati gani? Jadili.