SOMO: KOMPYUTA INAPOKATAA KUWAKA KWA FLASHI



Mfumo wa kompyuta ya chama ukiharibika, vitabu vya hesabu vilivyomo huenda vingali salama. Kompyuta ikiwashwa kwa flashi yenye mfumo mwingine, vitabu hivyo vyaweza kunakiliwa kabla ya matengenezo. Flashi ikikataliwa, Katibu asikubali diski ifutwe. Achunguze kwanza haya:

1. Utengenezaji wa flashi. Kunakili tu faili la mfumo hakutoshi. Gunia la mbegu lisilofunguliwa halioti shambani. Lazima faili hilo liandikwe kwa programu ya kutengenezea flashi za kuwashia.

2. Utaratibu wa kuwaka. Kwa kawaida kompyuta huanza na diski yake. Mara iwashwapo, bonyezeni F12, F9 au Esc, kwa kadiri ya mtengenezaji, kisha chagueni flashi.

3. Muundo. Kompyuta nyingi za UEFI huitambua flashi ya FAT32. Ya NTFS huenda isionekane.

4. Kinga ya Secure Boot. Hii hukataa mfumo usio na sahihi inayotambulika, kama benki ikataavyo hundi. Kabla ya kuizima, hakikisheni mnao ufunguo wa diski, maana huenda mkadaiwa.

5. Tundu. Jaribuni tundu jingine, na flashi hiyo katika kompyuta nyingine.

Flashi ikikubali, chagueni kuujaribu mfumo, wala si kuusakinisha. Kusakinisha kwaweza kufuta hesabu zote, na hesabu hizo ni amana ya wanachama.