Baba Anayepigwa Nyumbani: Ulinzi na Msaada wa Kisheria Mbulu na Hanang

Je, sheria ya Tanzania inatambua kwamba mume naye anaweza kutendewa ukatili na mke wake?

Inatambua. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka kwamba, hata kama ipo mila inayosema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake wa ndoa adhabu ya viboko au kipigo, na kwa kuwa mwenzi ni mume au mke, kinga hiyo ni ya wote wawili. Vivyo hivyo, makosa ya kushambulia na kudhuru mwili yaliyomo katika Kanuni ya Adhabu hayaulizi jinsia ya aliyepiga wala ya aliyepigwa. Upungufu uliopo ni kwamba Tanzania haina sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani kama ile ya Uganda ya mwaka 2010 au ya Kenya ya mwaka 2015, ambazo humwezesha yeyote anayetishwa nyumbani kuomba amri ya ulinzi. Tanzania Bara, amri ya kumzuia mwenzi asimsumbue mwenzake hupatikana hasa ndani ya shauri la ndoa lililokwisha kufunguliwa.

Kusema hivi hakupunguzi uzito wa mateso ya wanawake, ambao ndio wanaoumizwa zaidi: Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban wanawake 27 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Baba anayepigwa anastahili kusikilizwa bila takwimu hiyo kugeuzwa hoja ya kumnyamazisha, wala kisa chake kugeuzwa hoja ya kuipinga.

Kwa nini akina baba katika wilaya za Mbulu na Hanang hukaa kimya?

Aibu ndiyo sababu ya kwanza, lakini mpangilio wa mila nao una sehemu yake. Miongoni mwa Wabarabaig wa Hanang, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia George Klima katika maandishi yake ya miaka ya 1960, wanawake walikuwa na baraza lao lenye uwezo wa kumtoza faini ya ng'ombe mwanamume aliyewakosea, na wanaume wenyewe waliogopa hukumu zake. Utaratibu huo ulistahili heshima, kwani uliufanya uonevu wa mume kuwa jambo la hadhara na si siri ya nyumba. Mume aliyeonewa, kwa upande wake, alibaki na vikao vya majirani na vya ukoo, na ni vigumu kwa mwanamume kusimama mbele ya wanaume wenzake, ambao heshima yake inategemea macho yao, akaeleza kwamba mkewe humpiga.

Aliyepigwa aanzie wapi?

Aliyejeruhiwa vibaya apelekwe kwanza penye tiba, iwe hospitali ya wilaya au Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, yaani kitengo kinachopokea malalamiko ya ukatili wa nyumbani faraghani, na mlango wake haujafungwa kwa wanaume. Hapo hutolewa PF3, fomu ambayo mganga huijaza kueleza majeraha na ambayo baadaye huwa ushahidi mahakamani. Mwenyekiti wa kitongoji au jirani aliyeshuhudia ni shahidi muhimu, hivyo aelezwe mapema. Jambo moja halina mjadala: asirudishe kipigo kwa hasira, kwa sababu mwanamume mwenye nguvu zaidi huweza kuumiza vibaya kwa pigo moja, na tangu hapo yeye ndiye mshtakiwa.

Je, anaweza kuomba talaka moja kwa moja?

Kwa kawaida hapana. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo huweza kuwa la kata au la taasisi ya dini, na baraza lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kupatanisha, isipokuwa mahakama iridhike kwamba mazingira ni ya pekee. Ukatili wa mwili au wa akili ni miongoni mwa mambo yanayothibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Watoto watakuwa wa nani?

Hapa ndipo akina baba wengi hupotoka, wakiamini kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba na kwamba kumchukua usiku na kumpeleka kwa bibi yake ni haki tupu. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaweka mbele ustawi wa mtoto, kisha kinaitaka mahakama izingatie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Mila basi imo, ila haitawali. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 ipo dhana kwamba ni vyema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi, na mama anayempiga baba mbele ya watoto, au anayewapiga watoto wenyewe, huipa mahakama sababu ya kuitazama upya. Baba asiyepewa uangalizi anaweza kuomba haki ya kuonana na mtoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kutoa matunzo mfululizo, akihifadhi stakabadhi, humsaidia kuliko maneno mengi. Simu namba 116 hupokea, bila malipo, taarifa za mtoto aliye hatarini.

Asiye na fedha za wakili afanyeje?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamhusu mtu yeyote asiye na uwezo, mwanamume akiwemo, hata kama yeye ndiye anayetuhumiwa. Wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliopewa mafunzo ya msingi ya sheria, hueleza haki na kuelekeza hatua bila kutoza ada, ingawa hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani; ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri huweza kumwelekeza mwombaji kwao. Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo katika shauri la ndoa ana siku zilizowekwa kisheria za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kwa mkulima wa kijiji cha mbali, ambaye nauli ya kwenda Katesh au Mbulu mjini ni mzigo, siku hizo huisha haraka, hivyo nakala ya hukumu iombwe siku ileile inaposomwa.