SOMO LA UFUNDI: TUUTUNZE USUKANI WA GARI LA FOO-WILI



Katika kambi yetu wenye magari ni wachache, lakini wanaopanda magari ni sisi sote. Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa pikapu, na unga huletwa kwa pikapu. Breki zikilegea, dereva bado ana gia na breki ya mkono. Usukani ukikatika, hana kitu cha pili cha kushika. Kwa hiyo somo hili si la mafundi peke yao.

FOO-WILI NI NINI?

Foo-wili maana yake injini huzungusha magurudumu manne. Si kwamba yote manne hukata kona. Katika Land Cruiser na Hilux tunazoziona hapa, yanayokata kona ni mawili ya mbele. Yapo magari machache yanayokata kona kwa manne, kama Honda Prelude ya mwaka 1987. Ukizungusha usukani kidogo, magurudumu ya nyuma hufuata upande ule ule. Ukizungusha sana, hugeukia upande wa pili. Gari la namna hiyo hukaguliwa nyuma kama linavyokaguliwa mbele.

USUKANI UNAVYOFANYA KAZI

Mkono wa dereva huzungusha mti wa usukani. Mti huo huingia katika boksi la stelingi. Boksi husukuma mkono wa chuma, na mkono husukuma fito zinazogeuza magurudumu. Ufito unaounganisha magurudumu mawili ya mbele mafundi huuita tairodi. Kila ncha ya fito hizo ina gololi ndani ya kikombe chenye grisi, imefunikwa kwa mpira.

Mpira huo ni mdogo lakini ndio mlinzi. Ukipasuka, mchanga na maji ya chumvi huingia. Kwetu pwani, toka Palma hadi Mocímboa da Praia na kushuka Macomia, mchanga haukosekani, na masika ya Desemba hadi Aprili huongeza matope. Gololi husagika, hulegea, na mwisho huchomoka. Hapo gurudumu moja hushika njia yake.

UKAGUZI WA KILA WIKI

1. Simamisha gari pahali tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka. Sukuma usukani polepole kushoto na kulia, ukiangalia gurudumu la mbele. Kama usukani unatembea zaidi ya sentimeta 3 hivi kabla gurudumu halijatikisika, mwite fundi.

2. Zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mwenzako atikise usukani huku na huku, wewe uchungulie fito. Ncha na ufito lazima vitembee pamoja. Gololi ikicheza ndani ya kikombe, ncha hiyo imekwisha.

3. Inua gurudumu kwa jeki. Juu ya mchanga, weka kwanza ubao mpana chini ya jeki, na gogo imara chini ya ekseli. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, litikise: likicheza, shuku beringi. Shika kushoto na kulia: likicheza upande huu tu, shuku ncha za tairodi.

4. Kama stelingi ni ya pampu, tazama kiasi cha oili na mkanda wa pampu. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kifuniko cha kopo lake. Usitie oili ya breki. Huharibu sili za mpira.

5. Gari likipita maji ya bahari, lioshe chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Futa chuchu za grisi kabla ya kupiga bomba, ili usisukume mchanga ndani.

MAMBO YA DEREVA

Kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi. Ukifika barabara ngumu, ujaze tena, kwa kuwa tairi laini hufanya usukani uwe mzito. Katika gari ambalo foo-wili huingizwa kwa mkono, itoe ukiwa kwenye lami, la sivyo kona huwa ngumu na vyuma huumia. Usishikilie usukani umekatwa mpaka mwisho huku injini inavuma. Pampu hupata moto.

MAMBO YALIYOKATAZWA

Usilehemu ufito wa usukani uliopinda au kuvunjika. Usifunge ncha iliyolegea kwa mpira wa tyubu. Kipini kinachozuia nati isifunguke kisibadilishwe kwa msumari, tia kipya. Tunajua spea ni ghali na Pemba ni mbali. Lakini pikapu ya watu ishirini haiwezi kutegemea msumari.

Na wewe abiria, unayo haki ya kuuliza. Ukiona gari linayumba kwenye barabara iliyonyooka, au tairi za mbele zimelika upande mmoja tu, mwambie dereva kabla ya kupanda. Kumwambia si kumdharau.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mpira wa ncha ya tairodi ukipasuka usingoje mwezi ujao?
2. Tofauti ya gurudumu kucheza juu na chini, na kushoto na kulia, ni ipi?
3. Hapa kambini, wenye magari na abiria wanaweza kuchangaje ili ncha mpya zinunuliwe kabla ya masika?