DARSA YA MSIMAMIZI WA WAKAGUZI

Darsa yetu ya leo ni juu ya kazi ambayo wengi wetu hatuijui jina lake, ilhali faida yake, na madhara ya kukosekana kwake, humfikia kulla mtu alipaye kodi. Nayo ni kazi ya msimamizi wa wachambuzi wa mipango katika afisi ya kukagua serikali. Wazee wetu wamesema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi twataka kujua leo: daftari ikiwapo, ni nani aisomaye? Na huyo aisomaye, ni nani amwangaliaye?

Mfano wetu tutautoa Marekani, kwa sababu huko kazi hii imeandikiwa kanuni, na mambo yake yamechapwa wazi, mwenye kutaka huyasoma.

FASLI YA KWANZA: ASILI YA KAZI HII

Mwaka wa 1921 Wamarekani walitunga sheria ya kuweka afisi ya kukagua mali ya serikali, isiyokuwa chini ya waziri yeyote, bali yenye kulitumikia Baraza lao la kutunga sheria, liitwalo Congress. Afisi hiyo hujulikana kwa herufi tatu, GAO. Mkuu wake huteuliwa na Rais na kukubaliwa na Seneti, kisha hukaa miaka 15, wala hapewi muda wa pili. Hikima yake ni dhahiri: asiyetaraji kuongezwa muda hana haja ya kumbembeleza mwenye kuongeza.

Hapo mwanzo kazi yao ilikuwa kuhesabu. Kulla hati ya malipo ililetwa kwao ikatazamwa. Kufikia mwaka wa 1945 watu wa afisi ile walizidi 14,000, na hata hivyo hati ziliwashinda wingi. Baada ya vita wakatambua mambo mawili. La kwanza, kwamba kuhakiki hati moja moja ni kazi ya kulla idara yenyewe. La pili, nalo ndilo kubwa, kwamba fedha kulipwa kwa hati iliyo sawa si dalili kwamba fedha ile imefanya kazi iliyokusudiwa.

Tupige mfano. Watu wa mtaa wamechanga fedha kuchimba kisima. Mwenye kushika fedha analeta risiti ya majembe, na ya kamba, na ya ujira wa wachimbaji, na zote ni sahihi, haikukosekana hata senti moja. Lakini kisima hakina maji. Mhesabu atasema, "Hesabu ni sawa." Mchambuzi atauliza, "Maji yako wapi? Na kwa nini palichimbwa hapa, si pale?" Haya ndiyo maana ya kuchambua mpango, na tangu miaka ya 1960 kazi hii imekuwa ikikua ndani ya afisi ile. Mwaka wa 1972 ikachapa kitabu cha kanuni za ukaguzi wa serikali, na mwaka wa 2004 hata jina lake likageuzwa: kutoka Afisi ya Hesabu ikawa Afisi ya Kuwajibisha Serikali.

Kadhalika mwaka wa 1978 ilitungwa sheria nyingine, ya kuweka Mkaguzi Mkuu ndani ya idara 12 za serikali, na baadaye zikaongezwa nyingi. Huyu hukaa ndani ya nyumba anayoikagua, lakini mara mbili kwa mwaka hupeleka khabari zake kwenye Congress.

Katika afisi kama hizi ndimo alimo msimamizi wetu. Yeye si mkuu wa afisi, wala si karani mpya. Yu kati: juu yake kuna wakubwa wenye kutaka kazi iishe, na chini yake kuna wachambuzi wenye kumtazama yeye. Katika daraja za watumishi wa Marekani, fungu la wachambuzi wa mipango lina namba 0343. Na mtu hahesabiwi kuwa msimamizi mpaka usimamizi uwe umechukua robo ya wakati wake kwa uchache.

FASLI YA PILI: MASWALI MANNE

Wakaguzi hawa hawasemi neno juu ya mtu ila baada ya kujibu maswali manne. La kwanza ni kipimo: ilipasa iwe vipi? La pili ni hali: imekuwa vipi? La tatu ni sababu: kwa nini imekuwa hivyo? La nne ni athari: limetokea dhara gani? Likikosekana moja, neno halijatimia. Mwenye hali bila kipimo amesimulia kisa tu. Mwenye hali na kipimo bila sababu amelaumu, hakutibu. Na mwenye yote ila athari, ataulizwa, "Haya, nasi yatuhusu nini?"

Tutazame jambo lililotokea. Mwaka wa 2005 tufani mbili, Katrina na Rita, zilipiga pwani ya kusini ya Marekani, watu wengi wakapotewa na majumba. Idara ya maafa, iitwayo FEMA, ikagawa fedha kwa haraka. Wachambuzi wa GAO wakatoa malipo 250 kwa bahati nasibu katika jumla ya malipo yote, wakayafuatilia moja moja. Mwezi wa Juni 2006 wakaleta khabari mbele ya Congress.

Kipimo: msaada ni wa mtu ambaye nyumba iliyoharibika ndiyo makao yake khasa. Hali: kwa kukisia, asilimia 16 ya malipo hayakustahiki; kulikuwa na waliotaja anwani ya makaburini, na waliotaja sanduku la posta kuwa ndiyo nyumba iliyobomoka, na maombi yaliyoandikwa kwa majina ya watu waliomo gerezani. Sababu: walioomba kwa simu hawakuhakikiwa kuwa ndio wao, na anwani zilipokewa kama zilivyosemwa. Athari: kiasi cha dola milioni 1,000 zilikwenda pasipo mahali pake.

Sasa ewe msomaji, zingatia jambo moja. Hawakusema dola milioni 1,000 wakanyamaza. Walisema kwamba kadirio lao laweza kuwa milioni 600, na laweza kufika milioni 1,400. Mtu aweza kuuliza: kwa nini kuidhoofisha hoja yako mwenyewe? Jawabu: walitazama malipo 250, hawakutazama yote, na aliyeona sehemu hana ruhusa ya kusema kama aliyeona yote. Hesabu yenye mipaka yake ndiyo isiyoweza kuangushwa. Na kumzuia mchambuzi kijana asiikate mipaka ile ili khabari ipate kunoga, hiyo ni kazi ya msimamizi.

FASLI YA TATU: YALIYO WAJIBU JUU YA MSIMAMIZI

La kwanza, asipitishe neno lisilokuwa na ushahidi. Katika GAO, kabla ya kuchapwa khabari yoyote, huletwa mtu asiyekuwa miongoni mwa walioifanya kazi ile, akaisoma sentensi kwa sentensi, na kwa kulla jina na kulla tarakimu hutaka aoneshwe waraka wake. Lisilo na waraka hufutwa, ijapokuwa ni kweli. Msimamizi mwema hufanya hayo mapema, hangoji kuaibishwa na mgeni.

La pili, amsikize anayekaguliwa. Khabari ikiisha kuandikwa, nakala hupelekwa kwanza kwa idara iliyokaguliwa, nayo hupewa muda, kwa ada usiozidi siku 30, ijibu. Majibu yake huchapwa pamoja na khabari yenyewe, hata yakiwa ya kupinga. Wengi hudhani hii ni heshima tu. Si heshima tu, ni kinga ya pande mbili: aliyeonewa hupata kujitetea, na mkaguzi aliyekosea hupata kujirekebisha kabla kosa lake halijawa la watu wote.

La tatu, ajitenge na penye shaka. Hakagui idara aliyoiendesha jana, wala kazi ya jamaa yake, wala penye biashara yake. Na haitoshi kwamba yeye moyoni hana upendeleo. Yapasa pia mtu wa nje akitazama asione njia ya upendeleo.

La nne, nalo ndilo zito kuliko yote, awalinde walio chini yake. Huja kijana na karatasi mkononi, amegundua jambo baya la mtu mkubwa. Hapo msimamizi ana njia tatu. Aweza kuipunguza ile khabari kidogo kidogo, neno hapa na neno pale, mpaka isiume. Aweza kuikuza, ili yeye asifiwe. Na aweza kuuliza tu, "Kipimo chake ni nini, na waraka wake uko wapi?" Ukipatikana, aipeleke kama ilivyo, kwa jina lake yeye msimamizi, si kwa jina la kijana peke yake. Njia ya kwanza ni khiana kwa wananchi. Ya pili ni dhuluma kwa anayekaguliwa. Ya tatu ndiyo kazi aliyoajiriwa.

FASLI YA NNE: KHATARI YA KAZI HII

Fahamu kwamba wakaguzi hawa hawana amri ya kumfukuza mtu wala kumfunga. Hutoa mashauri tu, kisha huyafuatilia mwaka baada ya mwaka kuona yapi yamefanywa na yapi yameachwa. Nguvu yao yote imo katika kuaminiwa. Siku wakijulikana kuwa husema kwa kupenda au kwa kuogopa, afisi imekwisha, ijapokuwa milango yake i wazi na mishahara yalipwa.

Na kinga zao si za chuma. Sheria ya Marekani yataka Rais akitaka kumwondoa Mkaguzi Mkuu alipe Baraza khabari na sababu siku 30 kabla. Lakini mwezi wa Januari 2025 Wakaguzi Wakuu zaidi ya 15 waliondolewa kwa mara moja, bila ya siku zile kungojewa. Mwezi wa Septemba 2025 hakimu wa mahkama mjini Washington alisema kwamba jambo lile lilikhalifu sheria, na pamoja na hayo hakuwarejesha kazini.

Sasa mfikiri yule msimamizi aliyebaki asubuhi yake. Mkubwa wake hayupo. Wachambuzi wake wamtazama. Juu ya meza iko khabari iliyokwisha nusu, na hajui mkubwa ajaye atapenda nini. Hana la kushika ila yale maswali manne na zile karatasi. Akiandika kama alivyokuwa akiandika jana, kazi ingali hai. Akianza kukisia mwenye nguvu atapenda nini, basi ameondoka naye, ijapokuwa angali amekaa kitini.

KHATIMA

Ndugu msomaji, usiseme, "Haya ni ya Washington, nasi tuko mbali." Kulla mahali penye fedha za watu pana haja ya kazi hii. Pana haja katika chama cha maziko, na katika hesabu ya mashua ya shirika, na katika fedha za kujengea chuo cha watoto. Ukichaguliwa kusimamia, usitosheke na risiti. Uliza maji yako wapi. Ukiona kombo, shika kipimo, hali, sababu na athari kabla hujafungua kinywa. Mpe uliyemwona afasi ya kujibu. Na akija kwako mdogo wako na neno la kweli lenye waraka, usimwambie, "Nyamaza, yule ni mkubwa." Mwambie, "Leta waraka, tutasimama pamoja."

Hii ndiyo darsa yetu. Aliyeifahamu na amfahamishe mwenziwe.