Kati ya "Atasema" na "Akasema": Upokeaji wa Sauti za Kiswahili kwa Mtumiaji wa Kipandikizi cha Koklea katika Pwani ya Kusini ya Kenya

1.0 Utangulizi

Somo la fonolojia hufundishwa vyuoni kana kwamba kila msikilizaji ana sikio zima. Mwanafunzi huelezwa kuwa /t/ na /k/ ni fonimu mbili tofauti kwa sababu hubadilisha maana, kisha huachwa aamini kwamba tofauti hiyo humfikia kila mtu kwa urahisi uleule. Makala haya yanachunguza jinsi mtu anayesikia kwa msaada wa kipandikizi cha koklea anavyoweza kuzipokea sauti za Kiswahili. Mazingira yanayozingatiwa ni Kaunti ya Kwale, ambako Kiswahili huishi pamoja na Kidigo na Kiduruma, na ambako lahaja za Kivumba na Kichifundi zingali zikisikika katika vijiji vya ufukweni na visiwani. Hoja kuu ni kwamba kifaa hiki hakipunguzi sauti zote kwa kiwango kimoja. Hupitisha vizuri baadhi ya sifa bainifu na kufifiza nyingine, na miongoni mwa zinazofifizwa zimo zile zinazobeba sarufi.

2.0 Kazi ya Koklea na ya Kipandikizi

Koklea ni mfereji uliojisokota mithili ya kombe la konokono katika sikio la ndani. Ndani yake mna chembe za vinyweleo; zile za safu ya ndani, ambazo ndizo hasa hupeleka habari kwenye ubongo, ni takribani 3,500. Chembe zilizo mwanzoni mwa mfereji huitikia sauti nyembamba, na zilizo kileleni huitikia sauti nzito. Chembe hizo zikifa, kwa mfano kutokana na homa ya uti wa mgongo, hazioti tena. Hata hivyo, mara nyingi neva ya usikivu hubaki hai.

Kipandikizi huiendea neva hiyo moja kwa moja. Maikrofoni iliyo nje ya sikio huchukua sauti, kichakataji huigawa katika mafungu kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, kisha elektrodi zilizoingizwa ndani ya koklea huisisimua neva kwa umeme. Jaribio la kwanza la kuisisimua neva hii kwa namna hiyo lilifanywa mjini Paris mwaka 1957 na Djourno na Eyriès. Mwaka 1978, Graeme Clark na wenzake mjini Melbourne walipandikiza kifaa chenye elektrodi nyingi. Vifaa vya sasa vina elektrodi 12 hadi 22, ilhali umeme wa elektrodi moja huenea hadi eneo la jirani yake. Kwa hiyo njia zinazofanya kazi kwa kujitegemea ni chache kuliko elektrodi zenyewe. Utafiti wa Friesen na wenzake wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa manufaa ya kuongeza njia kwa watumiaji hukoma karibu na nane.

Uchache huo haumaanishi kwamba usemi haueleweki. Mwaka 1995, Shannon na wenzake waliwasikilizisha watu wenye masikio mazima usemi uliopunguzwa ukawa mafungu machache tu ya sauti. Mafungu manne yalitosha kuelewa sehemu kubwa ya usemi mahali palipo kimya.

3.0 Irabu na Silabi

Hapa Kiswahili kina neema yake. Lugha yenye irabu tano huziweka mbalimbali kuliko lugha yenye irabu kumi na zaidi, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Msikilizaji hupata mapigo ya wazi ya silabi, na mapigo hayo ni miongoni mwa mambo ambayo kipandikizi huyapitisha vyema. Hata hivyo, majirani huweza kuchanganyikana. Katika maneno "imba", "umba" na "omba", irabu /i/ na /u/ hukaribiana katika mwangwi wa chini na kutofautiana katika mwangwi wa juu, ilhali /u/ na /o/ hukaribiana katika yote miwili. Mtumiaji anayeanza kuzoea kifaa anaweza kusikia "umba" mahali pa "omba".

4.0 Konsonanti

Konsonanti huainishwa kwa sifa tatu: mghuno, namna ya matamshi, na mahali pa matamshi. Miller na Nicely walionyesha mwaka 1955, kwa konsonanti za Kiingereza, kwamba hata mwenye sikio zima akiwa katika kelele hupoteza mahali pa matamshi mapema kuliko mghuno na unazali. Kwa mtumiaji wa kipandikizi, udhaifu huo huweza kujitokeza hata palipo na utulivu. Sababu ni kwamba mghuno na namna ya matamshi huonekana katika mpito wa wakati: kimya cha kipasuo, mlio mrefu wa kikwamizo, uvumi wa nazali. Mahali pa matamshi hutegemea mabadiliko madogo na ya haraka ya mwangwi, ambayo huhitaji njia nyingi.

Kwa msingi huo, "kiti" na "viti" hazitarajiwi kusumbua sana, maana /k/ na /v/ hutofautiana kwa sifa zote tatu. "Saka" na "shaka" pia hutofautishika kwa kiasi, kwa kuwa mlio wa /s/ ni mwembamba zaidi. Tofauti ya "paa" la nyumba na "paa" mnyama, ambayo wenyeji wa pwani huitia kwa mpumuo na tahajia sanifu huipuuza, hutegemea muda kabla ya mghuno kuanza. Nayo ni alama ambayo kifaa huweza kuipitisha. Ugumu umo katika "pata", "tata" na "kata", na katika "noa" na "ng'oa".

Tatizo haliishii kwenye msamiati. "Yupo" na "yuko" hutenganishwa na mahali pa matamshi pekee. Vivyo hivyo "atasema" na "akasema": kiambishi cha wakati ujao na kile cha masimulizi hutofautiana kwa /t/ na /k/ tu. Mtoto asiyeipata tofauti hiyo hakosi neno moja, bali hajui kama jambo limekwisha kutendeka au linasubiriwa. Tena midomo haimsaidii kwa usawa. Katika "yupo" midomo hufumbwa, hivyo macho yanaweza kulisaidia sikio. Katika "atasema" na "akasema" ulimi hufanya kazi yake ndani ya kinywa, mbali na macho.

Kidigo kimeigawa kazi hii kwa namna nyingine. Wakati ujao huonyeshwa kwa -nda-, kama katika "andafika", na kiambishi -ka- huonyesha tendo lililokamilika, kama katika "akafika". Tofauti ya -nda- na -ka- ni ya nazali, mghuno na mahali kwa pamoja. Kinadharia, basi, mtoto yuleyule anaweza kuupata wakati wa kitenzi kwa wepesi zaidi katika Kidigo kuliko katika Kiswahili.

5.0 Mkazo, Kiimbo na Toni

Kipandikizi hupitisha vyema nguvu na urefu wa sauti, lakini hupitisha kwa udhaifu kupanda na kushuka kwake. Mkazo wa Kiswahili, kwa kuwa hutegemea pia nguvu na urefu, haupotei wote. Kiimbo kina hatari kubwa zaidi: "Amefika" na "Amefika?" huweza kusikika sawa. Kiswahili kina dawa yake katika neno "je", ambalo huliweka swali wazi mwanzoni mwa sentensi.

Kidigo ni lugha ya toni. Kisseberth alieleza mwaka 1984 jinsi toni ya juu katika lugha hiyo inavyoweza kuhama kutoka silabi ilikoanzia na kujitokeza mwishoni mwa neno. Tafiti za watumiaji wanaozungumza Kichina zimeonyesha kuwa toni ni miongoni mwa mambo magumu kwao. Hivyo Kidigo kinachowapa nafuu katika viambishi kinaweza kuwatoza gharama katika toni.

6.0 Maana Yake kwa Mzazi na Mwalimu

Wakati ni jambo la kwanza. Sharma na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba ubongo wa mtoto aliyezaliwa kiziwi huitikia vizuri zaidi akipandikizwa kabla ya umri wa miaka mitatu na nusu, na kwamba baada ya miaka saba uwezo huo hupungua sana. Upasuaji peke yake hautoshi. Hufuatwa na miaka ya mazoezi ya kusikiliza.

Mazoezi hayo yanapaswa kufuata lugha ya nyumbani. Orodha ya maneno iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza haiwezi kumpima mtoto wa Msambweni katika "yupo" na "yuko". Inafaa mwalimu atunge jozi za maneno ya Kiswahili na ya Kidigo, aanze na tofauti za mghuno na namna ya matamshi, kisha aingie katika mahali pa matamshi. Amwelekee mtoto uso kwa uso, aulize kwa "je", na aongeze "kesho" au "jana" penye -ta- na -ka-. Kelele pia izingatiwe, kwani anayeelewa vizuri chumbani huweza kupotelewa katika kituo cha matatu cha Ukunda au katika pilikapilika za Diani.

Wala kipandikizi kisifanywe sababu ya kuidharau Lugha ya Ishara ya Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inalitaka Taifa kuikuza, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kichakataji kikizimika au betri ikiisha, mtoto hurudi katika kimya. Ishara hazihitaji betri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kipandikizi cha koklea hukipokea Kiswahili vizuri katika irabu na silabi, kwa wastani katika mghuno na namna ya matamshi, na kwa udhaifu katika mahali pa matamshi na kiimbo. Wanafunzi wa isimu katika vyuo vyetu wanazo zana za kuandaa vipimo vya usikivu vya Kiswahili na vya lugha za Wamijikenda, kwa kuwa jozi za maneno ndizo mazoezi yao ya kila muhula. Kazi hiyo ikifanywa, mtoto wa Kwale atapimwa kwa lugha anayoamshwa nayo asubuhi, na anayempima atajua kama kilichomshinda ni kusikia au ni lugha ya kigeni.