Mashine Mahakamani: Faida na Hatari

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania. Baadaye Mahakama ilianza kutumia akili bandia inayosikiliza shauri, kuliandika na kulifasiri. Faida ni dhahiri: hakimu aliyezoea kuandika kila neno kwa mkono aweza sasa kumtazama shahidi usoni, na mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye kesi Kisutu aweza kupata mwenendo wake mapema.

Lakini tahadhari! Mashine ikiandika “akanilipa” mahali pa “hakunilipa”, haki imepotea. Huko New York, mwaka 2023, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kumpelekea jaji hukumu zilizobuniwa na ChatGPT.

Mtume Muhammad s.a.w. alifundisha kuwa hakimu huamua kwa alivyosikia, na apewaye haki ya nduguye kwa ufasaha wa ulimi amepewa kipande cha moto. Je, ufasaha wa mashine?

Basi mashine na iandike. Lakini aamue mwanadamu, atakayeulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Nawe, usomewapo ushahidi wako, sikiliza kila neno.